Betri ya muziki wa gari: namna ya kuipima, kuichagua na kuifunga isife mapema

Malalamiko Kigoma ni yaleyale, iwe Mwanga, Gungu au Ujiji: betri mpya ya N70, miezi michache tu, asubuhi gari haliwaki mpaka libustiwe. Mwenye gari ananunua nyingine, safari hii kubwa zaidi, nayo inakwenda njia ileile. Mara nyingi ukubwa wa betri hauna kosa. Kosa ni kwamba muziki ulifungwa bila mtu kuhesabu unakula ampea ngapi, na nani anazirudisha.

Shika jambo moja kabla ya yote. Betri haizalishi umeme, inautunza tu. Injini ikiwaka, anayelisha amplifaya ni alteneta, mashine ya kuzalisha umeme inayozungushwa na injini. Injini ikizimwa, muziki unakula akiba ya betri, na akiba isiporudishwa yote uharibifu unaanza siku hiyohiyo. Hatua zote zilizo hapa chini zinatokana na hilo.

## Vitu vya kuwa navyo

- Multimita ya kupima volti za DC (umeme wa betri). Ukipata mita ya kubana waya ni bora zaidi, ila hakikisha inapima ampea za DC. Nyingi za bei ya chini zinapima AC (umeme wa nyumbani) peke yake na kwenye gari hazitakusaidia.
- Haidromita (kipimo cha nguvu ya asidi), kama betri yako ina vifuniko vya kutilia maji.
- Spana namba 10 na 12, brashi ya waya, msasa, grisi.
- Waya wa shaba wa 25 mm², kiasi cha mita 6, pamoja na lagi zake (vichwa vya kubana kwenye ncha za waya).
- Fyuzi kubwa 2 na vishikizo vyake.
- Relei (swichi inayojiendesha kwa umeme) ya kutenganisha betri, ikiwa utafunga betri ya pili.
- Boksi la betri na mkanda au chuma cha kuibana.
- Chaja ya umeme wa nyumbani.
- Glavu, miwani, ndoo ya maji safi na magadi kidogo ya kuua asidi ikimwagika.

Kwenye waya ndiko watu wanakotapeliwa sana. Waya mnene wenye ngozi nzuri unaweza kuwa alumini iliyopakwa shaba. Kata ncha, chukua uzi mmoja, ukwangue kwa kisu. Ukiona weupe ndani, ni alumini. Huo hupitisha umeme kwa kiasi cha theluthi mbili tu ya shaba, kwa hiyo utahitaji mnene zaidi kwa kazi ileile.

## Hatua ya 1: Amua muziki unalia lini

Jiulize swali hili kwa ukweli, kwa sababu jibu lake ndilo linalochagua aina ya betri.

Kama muziki unalia gari likitembea tu, betri moja nzuri ya kuwashia gari inatosha. Pesa yako ipeleke kwenye alteneta na nyaya.

Kama unaegesha dakika 15 au 20 huku muziki wa kawaida unalia, bado betri moja inatosha, lakini iwe kubwa kuliko ile ya kiwandani.

Kama ni gari la matangazo, la harusi, au linalosimama ufukweni Kibirizi kwa muda wa saa 2 huku injini imezimwa, unahitaji betri ya pili ya muziki peke yake. Betri ya kuwashia gari ina sahani nyembamba nyingi ili itoe ampea nyingi kwa sekunde chache, kisha ichajiwe papo hapo. Ukiimaliza tena na tena, sahani zinalainika na kumwaga madini chini. Ndiyo maana N70 inayowasha lori bila shida inashindwa na sabufa moja.

## Hatua ya 2: Hesabu ampea, usisome wati za kwenye boksi

Boksi la amplifaya limeandikwa wati 3000. Achana nalo. Geuza amplifaya uangalie fyuzi zilizochomekwa kando ya tundu la waya, kisha zijumlishe.

Chukua mfano wa fyuzi moja ya ampea 30. Hata alteneta ikitoa volti 14, kinachoingia ni wati 420 tu. Haiwezekani zitoke wati 3000.

Sasa chukua amplifaya yenye fyuzi 2 za ampea 30, yaani 60 kwa jumla. Kwa volti 13.8 zinaingia wati 828. Ikiwa ni ya daraja D, asilimia 80 hivi inageuka sauti, kiasi cha wati 660. Ikiwa ni ya daraja AB, nusu au zaidi kidogo ndiyo inageuka sauti na iliyobaki inakuwa joto. Ndiyo sababu AB inachoma mkono na kula betri haraka.

Muziki haupigi kwa nguvu ya mwisho kila sekunde. Besi inapiga, inaacha, inapiga. Kwa muziki wa sauti ya juu, chukua theluthi ya fyuzi: 60 gawa kwa 3 ni ampea 20. Ongeza 3 za redio na taa zake. Gari hili linakula wastani wa ampea 23.

Iandike namba hiyo. Tutaitumia mpaka mwisho.

## Hatua ya 3: Pima alteneta kabla ya kununua betri

Wengi wanairuka hatua hii, na ndiyo inayookoa pesa nyingi kuliko zote.

Zima kila kitu, acha gari lipumzike saa kadhaa, kisha pima volti kwenye vichwa vya betri:

- 12.6 au zaidi: imejaa.
- 12.4: imebaki kama robo tatu.
- 12.2: nusu.
- 12.0: imebaki kama robo.
- 11.8 kushuka chini: tupu.

Washa gari. Mita isome kati ya 13.8 na 14.7. Ikizidi 15, rejeta (kidhibiti cha volti) ya alteneta ina hitilafu na itachemsha betri yoyote utakayofunga. Ikibaki 12 na kitu, alteneta haichaji.

Sasa jaribio lenyewe. Washa taa kubwa, feni au kiyoyozi, na muziki kwa sauti unayoitumia siku zote. Mtu akanyage mafuta kidogo, kama mizunguko 2000 kwa dakika. Volti zikibaki 13.5 au zaidi, alteneta inatosha. Zikishuka chini ya 13 na kuendelea kuporomoka, muziki unakula kuliko kinachozalishwa, na hakuna betri duniani itakayotibu hilo. Punguza mzigo au tafuta alteneta yenye ampea nyingi zaidi.

Alteneta za magari madogo mengi ni kati ya ampea 60 na 100, na namba hiyo inapatikana injini ikizunguka kwa kasi. Gari likisaga tu bila kukanyagwa, pato linashuka sana. Kwa hiyo anayesema "mimi huwa nawasha injini muziki unapolia" lakini gari limesimama saa nzima, bado anaweza kuwa anakula akiba. Pima volti na wakati huo pia, utaona.

Neno kuhusu ile kapasita ya faradi 1 inayouzwa kama dawa ya taa kufifia besi inapopiga. Ikishuka kutoka volti 14 hadi 13, inatoa joule 13.5. Kwa mzigo wa wati 500 hiyo ni chini ya sehemu ya thelathini ya sekunde. Taa zikififia, tafuta ubovu kwenye ethi (waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi), nyaya na alteneta.

## Hatua ya 4: Tafuta ukubwa wa betri

Kanuni: ampea za wastani mara saa za kusikiliza, kisha zidisha mara 2.

Unazidisha kwa sababu betri ya risasi isishushwe chini ya nusu. Chini ya hapo sahani zinaanza kushika ukoko mgumu wa salfeti usiotoka kwa kuchaji, na kila siku inayokaa hivyo uwezo unapungua.

Mfano wetu: ampea 23 kwa saa 2 ni ampea-saa (Ah) 46. Mara 2 ni 92. Ongeza sehemu ya tano, kwa sababu Ah za kwenye kibandiko kwa kawaida zimepimwa kwa kumaliza betri polepole kwa saa 20, na ukiimaliza haraka inatoa pungufu. Unafika 110. Betri ya kununua ni ya Ah 120.

Linganisha na N70 ya kawaida, yenye Ah 70. Nusu yake ni 35, na kwa mwendo huu wa kuila unapata 28 hivi. Gawa kwa 23: saa moja na dakika kumi na kitu. Aliyeahidi muziki wa saa 2 kwa N70 moja amekwisha kuiharibu kabla sherehe haijaisha.

Halafu kuna upande wa kurudisha, ambao unasahauliwa. Umekula Ah 46. Ili zirudi unahitaji kama 55, kwa sababu nyingine zinapotea kwenye joto na mapovu. Kutoka Ujiji hadi Mwanga ni mwendo wa dakika 20 hivi. Alteneta ikiwa na ampea 25 za ziada, umerudisha Ah 8. Utakwenda na kurudi mara tatu, na betri bado haijajaa, kwa kuwa ikipita asilimia 80 inapokea polepole. Kwa magari yanayozunguka mjini, chaja ya nyumbani ni sehemu ya mfumo wa muziki sawa na amplifaya.

## Hatua ya 5: Chagua aina

Betri ya maji. Bei nafuu, mafundi wengi wanaijua, inavumilia joto la boneti. Inatoa haidrojeni inapochajiwa, gesi inayolipuka kwa cheche ndogo. Usiiweke ndani na abiria bila boksi lililofungwa lenye bomba la kutolea hewa nje. Betri ya lori iliyowekwa wazi nyuma ya kiti, karibu na sabufa, ni hatari ya moto na ya asidi usoni gari likipinduka.

Betri isiyotiwa maji. Ndani bado ni asidi ileile. Inafaa kama betri ya kuwashia gari. Kwa muziki wa gari lililozimwa inakufa sawa na N70 ya maji.

AGM. Hii ndiyo chaguo letu la betri ya pili ndani ya gari. Asidi imenyonywa na mkeka wa nyuzi za kioo, haimwagiki, haitoi gesi katika chaji ya kawaida, na inatoa ampea nyingi kwa mkupuo besi inapodai. Inataka chaji ya 14.4 hadi 14.7 na inachukia joto. Ifunge nyuma, mbali na injini.

Jeli, zile za sola. Kibondo na Kasulu ziko majumbani, hivyo watu wanashawishika kuzihamishia kwenye gari. Zinafaa kwa mzigo wa taratibu. Kwa besi nzito volti zinashuka haraka, na chaji ikizidi 14.4 jeli inapasuka ndani na haijirudii. Usiifunge chini ya boneti, wala usitegemee ipige stata.

Lithiamu chuma fosfeti. Ni nyepesi, unaweza kutumia asilimia 80 ya akiba bila kuiumiza, na volti zake hazishuki ovyo. Bei yake ni mara kadhaa ya betri ya maji. Usiiunge moja kwa moja na alteneta: inavuta ampea nyingi mfululizo mpaka alteneta inaungua. Inahitaji chaja maalumu ya DC kwenda DC katikati.

Joto ni adui wa zote. Kwa betri za risasi, kila nyuzi 10 za Selsiasi juu ya 25 zinakata maisha kama nusu. Gari linaloshinda juani Ujiji huku betri ya pili ikiwa chini ya kioo cha nyuma linajipunguzia miezi.

## Hatua ya 6: Ukaguzi dukani

Nenda na multimita yako. Muuzaji mzuri hatakasirika.

1. Pima volti. Chini ya 12.4, usichukue. Imekaa rafu muda mrefu na ukoko umeshaanza.
2. Tafuta tarehe ya kutengenezwa, iliyogongwa kwenye plastiki au karibu na kichwa. Iliyokaa zaidi ya miezi 6 bila kuchajiwa, iache.
3. Inyanyue pamoja na nyingine ya saizi hiyohiyo. Iliyo nyepesi waziwazi imepunguziwa risasi ndani.
4. Angalia vichwa. Mikwaruzo ya vishikio, plastiki iliyopakwa rangi au kibandiko kilichobandikwa juu ya kingine ni dalili za betri iliyotumika ikasafishwa.
5. Omba ipimwe kwa mita ya mzigo. Kwa nusu ya ampea zake za kuwashia, sekunde 15, isishuke chini ya 9.6.

Maandishi yanapotosha wengi. Kwenye betri ya mtindo wa Kijapani iliyoandikwa 55D23L, ile 55 ni daraja la nguvu, si ampea-saa. 23 ni urefu kwa sentimita, takriban. Herufi ya mwisho, L au R, inaonyesha upande wa vichwa. Ukikosea hiyo, waya wa chanya haufiki, na fundi atauvuta mpaka uguse chuma cha boneti. Linganisha na betri ya zamani kabla hujalipa. Angalia pia unene wa vichwa: saizi za B mara nyingi zina vichwa vyembamba kuliko za D.

CCA ni nguvu ya kuwasha gari kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Kwa muziki Kigoma, namba hiyo iwe kubwa au ndogo haikupunguzii wala kukuongezea dakika. Inayokufaa ni RC: dakika ambazo betri inatoa ampea 25 mpaka iishe kabisa. RC 120, ukitumia nusu tu, ni saa moja.

Betri inayouzwa tupu na kutiwa asidi mbele yako, iache itulie angalau nusu saa, pima, kisha ichajiwe kabla ya kufungwa. Kutoka dukani moja kwa moja hadi kwenye sabufa ni kuianza na deni.

## Hatua ya 7: Funga betri ya pili

Fungua hasi ya betri ya mbele kwanza. Unapomaliza, hasi iwe ya mwisho kurudi. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, utapata cheche juu ya gesi.

1. Bana betri mpya kwenye boksi, boksi kwenye sakafu ya gari kwa boliti. Itikise kwa nguvu, isicheze. Mtikiso wa barabara za vumbi unavunja sahani kabla umeme haujaziua.
2. Weka relei ya kutenganisha karibu na betri ya mbele. Nunua inayojisoma: inaunga volti zikifika kama 13.3 na kukata zikirudi 12.8. Usitumie relei ya stata, imetengenezwa kwa sekunde chache na itaungua.
3. Vuta waya wa 25 mm² hadi nyuma. Kwa mita 5 na ampea 60, unapoteza volti 0.2 hivi. Waya wa 10 mm² ungepoteza zaidi ya 0.5, na amplifaya ingeanza kuwasha taa nyekundu.
4. Weka fyuzi ya ampea 100 kila mwisho wa waya, isizidi sentimita 45 kutoka kwenye kichwa cha kila betri. Betri ziko pande mbili. Waya ukichubuka katikati, moto unalishwa kutoka pande zote. Fyuzi inalinda waya, kwa hiyo usiweke ya 200 eti kwa sababu ya 100 inakatika.
5. Ethi ya betri ya pili: kwangua rangi kwa msasa mpaka chuma king'ae, funga lagi kwa boliti, paka grisi juu. Ethi iliyofungwa juu ya rangi ndiyo chanzo cha kelele nyingi za mvumo wa alteneta kwenye spika.
6. Unga waya wa rimoti wa amplifaya (ule mwembamba unaoiwasha na kuizima) kwenye waya wa rimoti wa redio. Ukiunga kwenye umeme wa moja kwa moja, amplifaya haizimiki usiku kucha.

Ukitaka kuunga betri mbili pamoja bila relei, lazima ziwe za aina moja, saizi moja na umri mmoja. Mpya na ya zamani zikiungwa, ya zamani inainyonya mpya mpaka zote ziwe zamani.

Umefaulu ukiona haya: gari likiwaka, betri ya nyuma inasoma karibu sawa na ya mbele, tofauti chini ya volti 0.5 muziki ukiwa juu. Ukizima gari na kupiga muziki, ya nyuma inashuka polepole na ya mbele inabaki 12.6. Kila kitu kikiwa kimezimwa, mkondo unaotoroka usizidi ampea 0.05.

## Hatua ya 8: Chaji, na ujue pa kusimama

Funga mita ndogo ya volti mahali unapoiona. Muziki ukilia gari limezimwa, simama ikisoma 12.0 muziki ukiwa wastani. Betri yenye mzigo inasoma chini kidogo ya ukweli, hivyo ukiipumzisha utakuta iko karibu na nusu. Amplifaya nyingi hazikati mpaka volti 10 au 11, na hapo umechelewa.

Siku hiyohiyo, weka chaja. Ampea za chaja ziwe asilimia 10 hadi 20 ya Ah: kwa betri ya 120, kati ya 12 na 24. Iache usiku mzima. Chaja yenye kitufe cha AGM itumie hivyo kwa AGM. Chaji mahali penye hewa, na zima chaja kabla ya kuchomoa vibanio.

Betri ya maji, fungua vifuniko kila mwezi. Maji yafunike sahani. Ongeza maji yaliyosafishwa ya betri tu, kamwe si asidi, wala si ya bomba au ya ziwa, kwa sababu madini yake yanabaki kwenye sahani. Dukani chupa za maji na za asidi zinafanana, soma kibandiko. Baada ya kuchaji, haidromita isome 1.250 hadi 1.280 kwenye kila chumba. Chumba kimoja kikipungukiwa na wenzake kwa 0.050, betri hiyo imekwisha hata kama vingine vitano ni vizima.

Asidi ikigusa ngozi, suuza kwa maji mengi mara moja. Ikiingia jichoni, suuza mfululizo angalau dakika 15 huku unapelekwa hospitali. Ikimwagika sakafuni, mwagia maji ya magadi mpaka mapovu yaishe.

Betri iliyokufa mrudishie muuzaji au mpelekee mnunuzi wa chuma chakavu akiwa anaipokea nzima, na asidi yake ndani. Usiimwage mtaroni, mitaro ya mjini inaishia Ziwa Tanganyika, na risasi haiozi.